Upawa wa Mililita Mia Mbili

Pawa mpya zilifika stoo siku ya Jumatano, kumi na mbili, zimefungwa pamoja kwa uzi wa katani. Nilizihesabu mara mbili kama ilivyo kawaida yangu, nikageuza mmoja kutazama mgongo wake, nikaona chapa ndogo ya namba: 200. Nikaandika kwenye leja: "Pawa za chuma kisichoshika kutu, 12, mililita 200 kila mmoja, hali njema." Nikatia sahihi. Zile za zamani, ambazo mipini yake ilikuwa imelegea, zilikuwa za mililita 250. Sikuona sababu ya kumwambia mtu. Kazi yangu ni kupokea na kuandika, na nilikuwa nimepokea na kuandika.

Miaka mitatu ilipita kabla mtu mwingine hajageuza upawa akautazama mgongoni. Mtu huyo ni mwanamke tuliyemwita Mama Mizani, na habari hii ni yake.

Mama Mizani alikuwa mpishi wa jiko la hospitali kwa miaka kumi na minne. Jina hilo alipewa na wapishi wenzake kwa sababu hakuwa anatia hata chumvi kwenye sufuria bila kuipima. Walimtania wakimuuliza kama amepima na maji ya kunawa, naye aliwajibu bila kuinua kichwa kwamba amepima na maneno yao, hayafiki gramu moja. Mumewe alifariki binti yao akiwa darasa la pili. Wakabaki wawili katika vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, na binti alipoingia sekondari, mama naye akaomba ruhusa ya kwenda chuo kusomea utaalamu wa lishe. Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Hospitali ilimpa miaka mitatu kwa barua yenye masharti mawili: akifaulu, atarudi kama mtaalamu wa lishe, akifeli, atarudi jikoni, na ruhusa ya masomo haitatolewa tena.

Barua hiyo niliiona, kwa sababu alikuja kuniomba bahasha ya kuihifadhi. Nyumbani walisomea meza moja, yeye na bintiye, na binti alimwita "mwanafunzi mwenzangu". Mama alipokosea hesabu, binti alimwambia atamwita mzazi wake.

Mwaka wa tatu chuo kilimleta kwetu kwa mafunzo ya vitendo, wiki kumi na mbili. Aliingia kwa mlango wa mbele, na koti jeupe lililokuwa limepigwa pasi mpaka kola imesimama. Wapishi walitoka nje kumwangalia. Mmoja alimwuliza kama leo amekuja kuwapima wao au maharage. Alicheka, akaingia jikoni kwanza kuwasalimia, ndipo akaenda kuripoti.

Nieleze jinsi wanafunzi hao wanavyopimwa, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yametoka humo. Kila mwanafunzi anapewa kitabu chenye jalada la kijani. Ndani yake kuna stadi arobaini: kupima uzito, kupima urefu wa mgonjwa asiyeweza kusimama, kuzungusha mkanda kwenye mkono wa juu, kumhoji mgonjwa alichokula jana, kuandika agizo la chakula, na nyingine nyingi. Mbele ya kila stadi kuna nafasi ya tarehe, na sahihi ya msimamizi anayethibitisha kwamba mwanafunzi ameifanya peke yake. Sahihi zikitimia, unakuja mtihani wenyewe. Anapewa mgonjwa mmoja kwa siku tano. Anampima, anakokotoa mahitaji yake, anaandika kila kinachoingia mdomoni mwake, na siku ya tano anasimama mbele ya wasahihishaji wawili kutetea alichoandika. Mmoja ni Mkuu wa Lishe wa hospitali. Mwingine ni mkufunzi kutoka chuoni, mwanamume mwembamba ambaye wanafunzi walimwita Asilimia, kwa kuwa hakuwa na sentensi isiyo na asilimia ndani yake.

Alama ni mia. Lakini kuna kanuni moja iliyo juu ya alama zote: mwanafunzi akikosea hesabu ya chakula kilichoingia mwilini kwa zaidi ya asilimia kumi, amefeli, hata kama mengine yote ni sahihi. Kanuni hiyo iliwekwa ili kuwalinda wagonjwa. Mtihani unarudiwa mara moja tu.

Na hesabu hiyo hufanywa kwa jedwali. Limetundikwa ukutani katika chumba cha lishe, ndani ya fremu yenye kioo, juu ya meza ya Mkuu. Mstari wa kwanza unasema: uji wa hospitali, upawa mmoja, mililita 250, kilokalori 250. Vizazi vya wanafunzi vimekariri mstari huo.

Sahihi arobaini za Mama Mizani zilitimia wiki ya kumi, kabla ya wenzake wote. Mgonjwa wake wa mtihani alikuwa fundi mwashi, mtu wa miaka hamsini hivi, aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi akavunjika taya. Meno yake yalikuwa yamefungwa kwa waya, ya juu na ya chini pamoja, na angekaa hivyo wiki sita. Alikunywa uji tu, kwa mrija, kupitia pengo la jino lililong'oka. Kuongea alishindwa, hivyo aliandika kwenye daftari la shule. Siku ya kwanza Mama Mizani alipojitambulisha na kueleza kwamba atamfuatilia kwa siku tano kwa ajili ya mtihani wake, fundi aliandika: "Nikinenepa unafaulu?" Akasema ndiyo, kwa namna fulani. Fundi akaandika tena: "Basi lete uji, tusome wote."

Alipewa pawa mbili mara sita kwa siku, yaani kumi na mbili. Kwa jedwali ni kilokalori elfu tatu, na mahitaji yake yalikuwa elfu mbili na mia saba. Kwa karatasi alikuwa anakula na kusaza. Lakini siku ya kwanza alikuwa na kilo 58.4, na siku ya tatu 57.9.

Mtu mwingine angeandika namba hiyo akaendelea. Mama Mizani alikuja kwangu kuazima pakiti ya unga ya kilo mbili iliyofungwa kiwandani, akaiweka juu ya mizani ya wodi. Mizani ilisoma kilo mbili kamili. Akarudisha pakiti. Akakaa kando ya kitanda cha fundi kwa milo yote sita, kutoka asubuhi hadi jioni, akihakikisha kikombe kinakwisha. Kilikwisha. Siku hiyo fundi aliandika neno moja kwenye daftari: "Njaa." Nesi alisema hiyo ni njaa ya mdomo, mtu asiyetafuna hujiona hajala. Mama Mizani alilinakili neno hilo kwenye karatasi yake, akateremka jikoni.

Kesho yake alikuja stoo saa tisa alasiri, ameshika upawa kwa mkono wa kulia, umegeuzwa juu chini, na jagi la kupimia lenye mistari kwa mkono wa kushoto. Maji yaliyokuwa ndani ya jagi yalisimama kwenye mstari wa mia mbili. Aliniuliza pawa hizi zililetwa lini. Nilifungua leja, nikamwonyesha ukurasa, wa mwezi mmoja baada ya yeye kwenda chuo. Aliusoma kwa muda mrefu kuliko urefu wa mstari wenyewe.

"Kumbe ulijua," alisema.

Nilimwambia nilikuwa nimeandika.

"Umeandika," alisema, kama mtu anayesoma anwani isiyo yake. Hakuwa na hasira. Ingekuwa nafuu kama angekuwa nayo.

Tukakaa pale tukipiga hesabu. Pawa kumi na mbili za mia mbili ni elfu mbili na mia nne. Fundi alikuwa anapungukiwa mia tatu kila siku. Na si fundi peke yake. Kila mgonjwa wa uji katika wodi zote alikuwa anapewa sehemu nne kati ya tano za alichoandikiwa, kwa miaka mitatu. Nilimshauri aende kwa Mkuu kabla ya mtihani. Mkuu alikuwa kwenye semina hadi asubuhi ya mtihani wenyewe, na Mama Mizani hakuona ubaya wa hilo. Alisema mtihani ndio mahali penyewe. Watakuwepo wote wawili, na ukurasa wa leja upo. Aliondoka akiwa mchangamfu. Nadhani alidhani amepata alama za ziada.

Stoo yangu na chumba cha lishe vimetenganishwa na ukuta wa mbao usiofika darini, kwa hiyo kinachosemwa kule nakisikia hata nisipotaka. Nilimsikia Mama Mizani akieleza habari za fundi tangu mwanzo, uzito, mkono, jeraha, mahitaji. Kisha akafika kwenye hesabu ya uji, akasema elfu mbili na mia nne, na kwamba anapendekeza pawa ziongezwe ziwe kumi na nne. Asilimia akasema tofauti na jibu sahihi ni asilimia ishirini. Mama Mizani akaeleza habari ya upawa. Mkuu akasema, kwa upole, kwamba jiko halimo katika mtihani, na kwamba uzito wa mtu aliyeumia hushuka uvimbe unapopungua, jambo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa tatu anapaswa kulijua. Pawa kumi na nne kwa jedwali ni elfu tatu na mia tano. Kumpa mgonjwa kiasi hicho, alisema, ni hatari.

"Mama," Asilimia alisema, "mimi nasahihisha kwa majibu niliyopewa. Ukiniletea jedwali jingine lenye sahihi, nitasahihisha kwa hilo."

Alama zake nyingine zote zilijumlishwa zikawa themanini na nne. Juu yake ukaandikwa mstari mmoja: kosa la asilimia ishirini, amefeli.

Alikwenda wodini kumuaga fundi, kwa kuwa siku zake tano zilikwisha na agizo la pawa kumi na mbili lilibaki vilevile. Fundi alimtazama usoni, akachukua daftari. "Tumefeli wote?" aliandika. Mama Mizani alinionyesha karatasi hiyo baadaye. Alikuwa ameichana akaiweka ndani ya kitabu cha kijani, mahali pa sahihi.

Kesho yake Mkuu wa Lishe alikuja stoo. Si mtu mbaya, na sitaki asomwe hivyo. Ni mwanamke wa rika letu, anayefika kazini kabla ya wote, na wagonjwa wengi wanamwombea heri. Aliniomba leja. Alifungua ukurasa ule bila kuutafuta sana, akausoma, akafunga. Akaniambia leja hii imejaa, nianzishe nyingine, na hii ipelekwe masjala.

Leja ilikuwa na kurasa sitini na tatu zilizo wazi. Nilianzisha nyingine.

Jioni ya siku hiyo, kabla ya watu kutoka, nilimsikia Mkuu akizungumza na Mama Mizani upande wa pili wa mbao. Alimwita dada. Alisema alikuwa hajui habari ya pawa hadi jana, na kwamba sasa anajua. Lakini akibadilisha jedwali leo, lazima aandike sababu, na akiandika sababu, mtu atafungua mafaili ya miaka mitatu.

"Unajua ni mafaili mangapi yana sahihi yangu? Wengine humo walikufa, dada. Sitaki kuwahesabu."

Mama Mizani alimwuliza wale walio hai watafanywaje. Mkuu alisema watafanyiwa polepole. Kwanza arudie mtihani, aandike kama jedwali linavyosema, afaulu, aje akae meza ya pili humu chumbani. Kisha wao wawili, kidogo kidogo, wataomba pawa nyingine bila kelele. Aliahidi. Na mimi niliyesikiliza naamini ahadi ilikuwa ya kweli, kwa siku ile.

Mtihani wa kurudia uliwekwa baada ya wiki tano, na chuo kikamwongezea muda wa mafunzo. Wakati huo wote fundi alibaki wodini, kwa sababu kwao ni mbali na hakuna mashine ya kumsagia chakula. Mama Mizani aliendelea na mazoezi katika wodi nyingine na hakuruhusiwa kuandika lolote kwenye faili la fundi, kwa kuwa hakuwa mgonjwa wake tena. Alipita kumsalimia tu. Nyumbani, binti alikuwa amekwisha kuamua. Alimwambia mama yake aandike wanachotaka, apite, ndipo aseme anachotaka akiwa ndani. Alimwambia mtu aliye nje ya mlango hakuna anayemsikia. Mama yake aliponisimulia haya alisema mtoto ana akili kuliko yeye, na kwamba ameshakubali. Ataandika 250. Aliyasema akikunja na kukunjua mkanda wa kupimia mkono mpaka ukapata mkunjo usiotoka.

Mgonjwa wa pili alikuwa mzee, dereva wa lori mstaafu, aliyepooza upande mmoja na kumeza kwa shida. Alipewa pawa kumi kwa siku. Kwa jedwali elfu mbili na mia tano, kwa upawa wenyewe elfu mbili, na mahitaji yake elfu mbili na mia moja. Pengo la mia moja tu. Kana kwamba aliyemchagua mgonjwa huyo alitaka kumrahisishia, na huenda ndivyo ilivyokuwa.

Siku moja kabla ya mtihani, fundi alifunguliwa waya. Mama Mizani alikuwepo, amekwenda kumpongeza. Walimsimamisha kwenye mizani: kilo 53.1. Alikuwa amefunga suruali kwa kamba ya bandeji. Taya lilikuwa gumu na maneno yalitoka yamebanwa, lakini alianza kwa utani, kwamba mke wake akimwona atadai arudishiwe mume wake aliyemleta, huyu ni wa nani. Nesi alicheka. Kisha fundi akamgeukia Mama Mizani, na sauti ikawa nyingine.

"Nilikuwa na njaa, mama. Kila siku. Si niliandika ukasoma?"

Akasema alijaribu kuinua ndoo ya maji bafuni ikamshinda, na kwamba hajui ndoo ya zege ataiinua na nini. Hakumlaumu. Alikuwa anauliza kwa sababu alidhani yeye ndiye mwenye kujua.

Asubuhi ya mtihani nilikaa upande wangu wa mbao na leja mpya mbele yangu. Nilimsikia Mama Mizani akieleza habari za mzee. Alifika kwenye uji. Alikuwa ameandika 2,500 ndani ya kisanduku, kama alivyokubali. Lakini pembeni mwa kisanduku, kwa penseli, alikuwa ameandika 2,000. Asilimia aliiona. Aliuliza namba ya penseli ni ya nini.

Nilisikia kiti cha Mkuu kikisogea.

"Naweza kuifuta," Mkuu alisema. "Ni penseli tu. Mwanafunzi alikuwa anajaribu hesabu."

"Ngoja," Asilimia alisema. "Ni haki aulizwe. Mama, kati ya namba hizi mbili, ipi ni yako?"

Najua alikuwa anafikiria nini, kwa sababu aliniambia. Alifikiria meza ya pili katika chumba kile. Alimfikiria binti yake. Akataka kusema ya kisanduku, akafungua mdomo, na mdomoni, alisema, palikuwa na ladha ya waya.

"Ya pembeni," alisema.

Asilimia aliuliza kama ana ushahidi wowote wa namba hiyo. Alisema upo, kwenye leja ya stoo, karani anaujua, yuko hapo nyuma ya mbao. Mkuu akasema leja za zamani zipo masjala na taratibu za kuziomba ni ndefu. Mimi nilikuwa nimeshika kalamu. Kutoka kiti changu hadi mlango wa chumba kile ni hatua tisa. Hawakuja kuniuliza, nami sikwenda kusema.

Alifeli.

Barua ya kumrudisha jikoni ilitoka baada ya wiki mbili. Alirudi kwa mlango wa nyuma, na aproni yake ya zamani iliyokuwa bado kwenye msumari wake. Wapishi hawakumtania. Mmoja tu alijaribu, akamwuliza kama amekuja na mizani, na alipoona uso wake akaenda kuosha sufuria iliyokuwa imeoshwa.

Koti jeupe alimpa binti yake alivae kwenye maabara ya shule. Binti alikataa. Kwa siku kadhaa hawakusomea meza moja. Binti alimwambia jambo moja tu, kwamba angalau angemwacha Mkuu afute.

Jikoni, Mama Mizani alipangiwa kugawa uji. Siku ya kwanza alifanya alichokuwa amekipanga njiani: alichota upawa mmoja kamili, kisha robo ya upawa juu yake. Mililita 250, sawasawa na ukutani. Toroli ya kwanza ikaondoka, ya pili, ya tatu. Nilikwenda kumwangalia. Mkono wake ulikuwa imara, na kwa mara ya kwanza tangu mtihani uso wake ulikuwa na kitu ndani yake. Alipofika wodi ya sita, upawa uligonga chini ya sufuria. Zilibaki wodi mbili. Alikwangua, akagawa alichokwangua, na wodi ya mwisho, ya wanawake waliotoka upasuaji, ikapata nusu upawa kila mtu. Mwenye toroli alirudi akasema wanauliza wamekosa nini.

Alikuja stoo kuniomba unga zaidi. Ndipo nilipolazimika kumwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Pawa mpya zilipokuja, uji ulianza kubaki kwenye sufuria kila siku. Uji ulipobaki, wakubwa wa jiko waliona unapotea bure, nikaagizwa nipunguze unga unaotoka stoo. Niliupunguza kwa sehemu moja ya tano. Maziwa ya unga na mafuta vivyo hivyo. Hakuna aliyekusudia. Kila mmoja aliona kilicho mbele yake akakirekebisha, nami nikaandika. Kuurudisha kunahitaji barua ya Mkuu wa Lishe yenye sababu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama na hilo nililiandika. Nikasema ndiyo. Aliangalia rafu za leja nyuma yangu, moja baada ya moja, kama anayetafuta ya kwake.

"Wewe ungekuwa mwanafunzi mzuri," alisema, akarudi jikoni.

Kesho yake alichota upawa mmoja mmoja, bila robo. Uji ulifika wodi zote nane.

Imepita miezi saba sasa. Mkuu wa Lishe bado hajaomba pawa nyingine. Nimemsikia mara mbili akianza barua, akaiacha. Fundi sijui alikwenda wapi. Mama Mizani hapimi tena chumvi. Anaitia kwa mkono kama wengine, na wapishi wapya hawajui kwa nini anaitwa hivyo.

Wiki iliyopita walikuja wanafunzi wengine wa mafunzo ya vitendo. Mmoja wao, msichana mwenye miwani, alishuka jikoni na kitabu chake cha kijani, akasimama kando ya sufuria. Nilikuwa pale kuhesabu magunia. Alisalimia vizuri, shikamoo mama, akaeleza kwamba anahesabu chakula cha mgonjwa wake na hataki kubahatisha. Aliuliza upawa mmoja ni mililita ngapi.

Mama Mizani aliushika upawa hewani. Ulikuwa umegeuka kidogo, na kutoka nilipokuwa niliiona chapa mgongoni. Angeweza kuuzungusha inchi moja tu na msichana angeiona pia. Badala yake aliuliza mtihani ni lini.

"Jumatatu, mama."

Aliurudisha upawa ndani ya sufuria, ukazama mpaka mpini.

"Soma ukutani, mwanangu," alisema. "Imeandikwa."

Msichana alishukuru, akapanda ngazi mbili mbili.